Nusu Yetu ya Safari

Kuna wageni wanaoingia Kisumu kila mwaka bila mtu kwenda kuwapokea. Wa kwanza hufika Septemba, kundi kubwa hufuata Oktoba na Novemba mvua za vuli zinaponyesha, na ifikapo mwisho wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, karibu wote wamekwisha kuondoka. Wengi wao husafiri usiku. Asubuhi unawakuta kwenye migunga ya Kajulu, kwenye mafunjo ya Dunga, kwenye majaruba ya mpunga ya Ahero na kwenye nyaya za umeme za barabara ya Kakamega. Ni ndege wadogo waimbao, wengi wana rangi ya udongo na majani makavu, na kwa miaka yote niliyoishi Mamboleo wamekuwa darasa langu la pili.

Darasa la kwanza lilikuwa la watoto wa watu. Nilifundisha Jiografia katika sekondari za mji huu hadi nilipostaafu. Nilihamia Mamboleo wakati ambapo ukitoka sokoni kuelekea Kibos bado ulipita vichaka na mashamba ya miwa. Sasa pamejengeka. Pale palipokuwa na uwanja wa maonyesho ya kilimo pana uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa kwa sherehe za Madaraka, tarehe 1 Juni 2021, na nyumba za kupanga zimepanda hadi miguuni mwa vilima. Hata hivyo miti iliyobaki kwenye viwanja vya watu inatosha kumlisha ndege mdogo, na wageni bado wanatuona kuwa tunafaa.

Mmoja wao huja hadi langoni kwangu, kwenye mti wa siala. Wanasayansi humwita Phylloscopus trochilus. Kabla sijamwona humsikia: mlio mfupi wa vipande viwili, cha pili kikipanda, hu-iit, na baada ya muda tena hu-iit. Mgongo wake ni wa kijani kilichoingiwa na kahawia, tumbo ni jeupe lenye umanjano, na juu ya jicho kuna mstari mwembamba wa njano iliyofifia. Hatulii. Anaruka tawi hadi tawi, anainamisha kichwa na kuchungulia upande wa chini wa jani, anadonoa kiwavi, anapangusa mdomo kwenye gome, kushoto kisha kulia, na tayari yuko tawi jingine. Uzito wake ni gramu 8 hadi 10, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari. Nimemtazama mara nyingi kwa darubini akiwa karibu nami kiasi cha kuona ukucha wake ukishika kijiti, na kila mara najiuliza mwili huo umebebaje safari iliyoufikisha hapa.

Aliyenifundisha kuwatafuta ndege hawa ni mvuvi mzee wa Dunga. Ufuoni kila mtu alimwita Jaduong', kwa heshima ya umri wake, nami nikamwita hivyo hivyo. Ujana wake wote alivua ngege na kamongo kwenye Ghuba ya Winam ya ziwa letu. Samaki walipopungua, akaanza kuwapigia kasia wageni waliotaka kuona ndege wa mafunjo, kwa sababu Dunga ina ndege ambao huwapati ila palipo na mafunjo mazima. Maarufu kuliko wote ni Laniarius mufumbiri, mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu na utosi wa njano, ambaye dume na jike huitana kwa sauti zinazofuatana upesi hata ukadhani ni ndege mmoja. Watu husafiri kutoka mabara mengine kumwona huyo. Mimi nilimwona, nikafurahi, kisha nikauliza habari za wale wadogo wa kahawia waliokuwa wakipiga kelele ndani ya matete na ambao hakuna aliyelipa ili kuwaona.

Jaduong' aliacha kupiga kasia. Mtumbwi ukatulia kando ya ukuta wa mafunjo.

“Mwalimu, teremsha hiyo darubini kwanza,” alisema. “Ukianza na macho utaona mafunjo tu. Sikiliza ni nani anayegombana huko ndani.”

“Na nikishamsikia, Jaduong'?”

“Usisogee. Yeye ndiye atakayesogea. Ana njaa kuliko wewe.”

Tulikaa. Kutoka ndani ilisikika sauti kavu ya haraka haraka, kama kero ndogo zisizoisha, mara ikikwaruza, mara ikipiga mluzi, mara ikirudia jambo lile lile. Kisha bua moja likatikisika bila upepo, na ndege akatokea kimo cha goti juu ya maji. Mguu mmoja ulishika bua hili, mwingine ulishika bua la pili, na mwili ukaning'inia katikati. Kichwa kilikuwa na michirizi myeusi, na juu ya jicho palikuwa na nyusi pana ya rangi ya maziwa. Aliteremka hadi karibu maji yamguse, akadaka mdudu, akapanda tena kwa upande wa nyuma wa bua, akapotea. Huyo ni Acrocephalus schoenobaenus, ambaye huzaliana kwenye vinamasi vya Ulaya na Urusi hadi Siberia.

Nilichojifunza siku ile nimekitumia kuliko mengi niliyosoma chuoni. Tangu hapo, mwanafunzi mkimya aliyekaa nyuma sikumfuata tena kwa maswali mfululizo ili nimjue. Nilitulia karibu naye nikasikiliza anabishana na nani, anarudia jambo gani, na muda ulipofika alijitokeza mwenyewe. Walimu wengi wazuri wanalijua hili bila kukanyaga kinamasi. Mimi nilifundishwa na mvuvi.

Nilimuuliza pia wanakuja lini. Alijibu bila kufikiri kwamba huja mvua inapoanza kujikusanya upande wa Nandi, na huondoka kabla mahindi ya masika hayajafika magotini. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hakuipata kitabuni. Aliipata kwa kuwa ufuoni kila alfajiri.

“Na wakiondoka huenda wapi?”

“Kwao.”

“Kwao ni wapi, Jaduong'?”

“Hilo, Mwalimu, ungewauliza watu wa huko.”

Nilipokwenda kusoma, niligundua kwamba watu wa huko nao kwa karne nyingi hawakujua. Walikuwa na mwanzo na mwisho wa hadithi kama Jaduong', ila kwa upande wao: mbayuwayu wanatoweka majani yanapopukutika, wanarudi theluji inapoyeyuka. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, wakiwa wamepukutika manyoya. Mwaka 1555 askofu wa Sweden, Olaus Magnus, alichapisha kitabu chenye picha ya wavuvi wakivuta wavu kutoka ziwa lililoganda, na ndani ya wavu, pamoja na samaki, wamo mbayuwayu waliodhaniwa kulala majini. Watu wenye elimu waliendelea kuamini hivyo miaka mia mbili na zaidi.

Ushahidi ulitoka Afrika. Mwaka 1822, huko Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki shingoni, na mkuki wenyewe ulikuwa wa Kiafrika. Ndege yule alikuwa amechomwa huku kwetu, akaruka nao hadi kule. Bado amehifadhiwa Rostock. Halafu ikaja kazi ya kuvisha ndege pete nyepesi miguuni. Mwezi wa Mei 1911 John Masefield alimvisha pete mbayuwayu katika eneo la Staffordshire, Uingereza, na mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu yule yule alinaswa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Pete ikasomwa, na mkazi wa huko akaandika barua. Barua ile moja ilijibu swali ambalo wanafalsafa walishindwa kulijibu, kwa kuwa mtu wa upande wa pili alichukua kalamu akasema: amefika hapa, siku hii.

Kenya nayo ina mchango wake katika habari hii. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huvuta ndege wanaopita angani kwa maelfu. Tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwapima, kuwavisha pete na kuwaachilia. Ndege waliovishwa pete pale wamepatikana baadaye Mashariki ya Kati na Urusi. Na mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowafunga ndege wa aina ya huyu wa langoni kwangu kifaa chenye uzito usiofika gramu moja. Kifaa hicho hurekodi mwanga, na kutokana na saa za macheo na machweo mtafiti hukadiria ndege alikuwa wapi duniani. Ndege hao walitoka mashariki ya mbali ya Urusi, karibu na bahari inayotazamana na Alaska, wakaja hadi Afrika Mashariki. Safari ya kuja peke yake ilikuwa takriban kilomita 13,000. Tangu nisome hayo, nikisikia hu-iit kwenye siala najua kwamba huenda ni sauti ya aliyevuka Siberia yote, akakatiza Asia ya Kati na Uarabuni, na kushuka pembeni mwa Ethiopia akingoja mvua zimfungulie njia ya kuja kwetu.

Kuna swali jingine ambalo kwa mwalimu wa Jiografia wa Kisumu halikwepeki. Mstari wa Ikweta unapita Maseno, safari fupi kwa matatu kutoka mjini, na pana alama barabarani ambapo wasafiri husimama kupiga picha. Hapa jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa hizo hizo jioni, Januari hadi Desemba. Ndege aliye Ulaya huona siku zikifupika akajua wakati wa kuondoka umekaribia. Aliye Dunga anaona nini? Mchana haurefuki. Chakula kipo. Mafunjo ni ya kijani mwaka mzima. Ni nani anayemwambia kwamba Machi imefika na lazima aende?

Jibu lilitoka kwa Mjerumani Eberhard Gwinner, miaka ya 1960. Aliwaweka ndege wa jamii hii vyumbani ambamo mwanga ulikuwa wa saa 12 na giza saa 12, kila siku bila mabadiliko, hali ile ile ya Ikweta. Majira yalipofika, ndege wale walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka vizimbani kama wenye safari, na wakabadilisha manyoya kwa zamu yake, ingawa hakuna dalili yoyote ya nje waliyopewa. Wana kalenda ndani ya miili yao. Na hata mwelekeo wamezaliwa nao: kinda wa gramu 9 aliyeanguliwa Juni huanza safari ya Afrika bila wazazi kumwongoza, usiku, akitumia nyota na sumaku ya dunia.

Kalenda hiyo haiishii kwenye kuondoka. Inampa kwanza muda wa kujiandaa. Ukienda Dunga mwezi wa Machi utamkuta yule wa mafunjo akila kuanzia macheo hadi machweo. Anaweza kuongeza uzito wake karibu mara mbili, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni mafuta, kwa sababu mbele yake kuna jangwa na bahari. Anafanya hivyo wakati ambapo hakuna kinachomsukuma: hakuna baridi, hakuna njaa, hakuna adui mpya. Jaduong' aliniambia kwamba Machi huwatambua kwa jinsi wanavyotua kwa uzito, bua likiinama kuliko lilivyoinama Novemba.

Niliwasimulia wanafunzi wa kidato cha nne habari hii mwaka hadi mwaka, kwa kuwa sisi watu wa mahali pasipo baridi wala joto la kuua tuna ugumu wetu. Mambo huonekana yale yale. Januari inafanana na Julai, na kijana anaweza kudhani wakati haujasogea. Niliwaambia wasingoje dunia iwabadilikie ndipo waanze kujiandaa, maana huku kwetu dunia haitawapa ishara. Sijui wangapi waliyashika. Najua mmoja aliyeyashika, kwa kuwa ni binti yangu.

Alikuwa muuguzi hapa Kisumu. Kwa muda mrefu alikuwa akirudi kutoka zamu, anakula, halafu anakaa mezani na vitabu vyake vya mitihani ya Kiingereza na ya uuguzi, bila kelele, bila kutangaza. Mama yake ndiye aliyetambua kwanza kwamba huyu anajiandaa kwa safari. Alipopata kazi kaskazini mwa Uingereza, kila kitu kilikuwa tayari. Aliondoka Oktoba, wageni wa langoni wakiwa ndio kwanza wameingia, na jioni ile nyumba ilikuwa kubwa mno.

Wenye watoto ughaibuni wanajua maongezi ya simu yanavyokuwa miezi ya mwanzo. Huko unaambiwa kila kitu ni kizuri. Huku nawe unasema sote wazima. Goti la mama yake lilipovimba tulimwambia ni uchovu. Yeye naye, kama tulivyokuja kujua, hakutaka tusikie jinsi zamu za usiku zilivyomwelemea wala jinsi alivyokaa Jumapili nzima chumbani bila kuzungumza na mtu. Tulipendana, na kwa sababu ya kupendana tulinyimana habari.

Aprili iliyofuata alinipigia simu asubuhi akitembea kurudi nyumbani kutoka kazini.

“Baba, usiseme kitu. Sikiliza huyu.”

Nilisikia magari kwa mbali, kisha wimbo: ulianza juu, mwembamba, ukateremka hatua kwa hatua kwa utamu, ukapungua nguvu na kuisha kabla hujauchoka. Niliutambua. Februari na Machi, wageni wetu wakikaribia kuondoka, huwa wanaimba vipande vya wimbo huo huo kwenye siala.

“Ndiye yule wa langoni?” aliuliza.

Sikumjibu papo hapo. Nilikwenda kutafuta vitabuni, na jioni nikampigia. Nilimwambia ukweli: wa aina hii wanaozaliana Uingereza huhamia Afrika Magharibi, nchi za Ghana na Ivory Coast. Wanaokuja kwetu hutoka mashariki zaidi, huko Urusi. Aliyemsikia hajawahi kufika Mamboleo.

Alinyamaza, kisha akasema, “Basi ni ndugu yake. Na wewe Baba, niambie ukweli mwingine. Goti la Mama likoje?”

Nikamwambia. Naye akaniambia ya kwake. Kuanzia simu ile tulianza kupeana habari kamili, njema na mbaya, na nashuhudia kwamba mzigo wa pande zote mbili ulipungua. Ningeweza kumwachia lile jibu tamu, kwamba ndege wa langoni amemfuata hadi Uingereza. Lingemfariji siku mbili. Habari sahihi ilimfaa zaidi, kwa kuwa ilimkumbusha kwamba kwa baba yake atapata jambo lilivyo. Maisha ya msafiri yamegawanyika vipande viwili, na kila upande umeshika kipande kimoja. Wa kule wakikaa na chao na wa huku wakikaa na chao, kila mmoja atajaza lililopungua kwa kubuni, kama wale waliowaona mbayuwayu ndani ya wavu wa samaki.

Ndiyo maana siwezi kuzungumzia ndege hawa bila kuzungumzia wajibu wa wenyeji. Huyu wa langoni hukaa kwenye eneo lake la kuzaliana miezi michache tu ya kiangazi cha kaskazini. Sehemu kubwa ya mwaka huwa njiani au Afrika. Akipungua huko Urusi, sababu inaweza kuwa huku, na akipungua huku, sababu inaweza kuwa njiani. Mwaka 2015 shirika la BirdLife International lilikadiria kwamba ndege wapatao milioni 25 huuawa au kunaswa kinyume cha sheria kila mwaka katika nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, wengi wakiwa hawa wadogo waimbao. Hilo ni la wenyeji wa huko kulitengeneza, na wapo wanaolipigania. Letu sisi ni ufuo.

Mafunjo ya Dunga hukatwa, na kukatwa peke yake hakuyaui. Kina mama na vijana wa ufuoni husuka mikeka, vikapu na viti, na bua lililokatwa vizuri huchipua tena. Kinachoyamaliza ni moto unaowashwa kiangazi ukaenda bila mipaka, kulima hadi ukingoni mwa maji, na kujaza udongo ili kupata kiwanja. Sehemu ya kinamasi cha Yala, kilicho kikubwa kuliko vyote upande wetu wa ziwa, imekuwa ikikaushwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala kumeripotiwa kwa miaka mingi uwindaji wa ndege kwa kutumia kabofurani, sumu ya kuulia wadudu, na nyama yake kuuziwa watu. Hapo aliye hatarini si ndege peke yake.

Mwaka 2020 ziwa lilitufundisha thamani ya tulichokuwa tukikifyeka. Maji yalipanda kupita kiwango cha 1964 kilichokuwa kimeshika rekodi. Dunga iliingia maji, watu wakahama nyumba zao, bichi zikafungwa. Mafunjo hayawezi kuzuia ziwa zima lisipande. Lakini hupunguza nguvu ya mawimbi, hukamata tope linaloletwa na mito kutoka vilimani, na huwapa samaki wachanga mahali pa kukulia. Aliyebaki na ukanda wa mafunjo mbele ya nyumba yake anaijua tofauti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mafunjo tunayowaachia ndege hawa yanatulinda sisi, nao wakiwa humo hula viwavi, mbu na mawingu ya wadudu wa ziwa bila kutudai kitu.

Jaduong' amekwisha kufariki. Kasia zake anazo mjukuu wake, anayewapeleka wageni kwenye mafunjo kama babu yake, na ambaye ameongeza jambo moja: anaandika. Kila siku anayoingia majini hunakili tarehe, mahali, na ndege aliowaona au kuwasikia. Nchini kuna mradi uitwao Kenya Bird Map ambao umeigawa nchi vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9, na mtu yeyote anayewafahamu ndege anaweza kupeleka orodha yake. Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909, kina watu wanaoweza kumwelekeza anayeanza. Huhitaji vifaa vya gharama. Darubini ya kuazima inatosha, na siku za mwanzo hata masikio yanatosha.

Ombi langu kwa wenye kusoma haya walio Kisumu, Homa Bay, Siaya, Busia, na ng'ambo huko Musoma, Mwanza na Jinja, ni hili. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya kimataifa ya ndege wahamao. Nenda ufuoni na mtoto mmoja, mapema, kabla upepo wa ziwa haujaanza. Mwache asikilize kwanza. Mwonyeshe yule mwenye nyusi ya rangi ya maziwa, na yule mtikisa mkia wa njano anayefuata kwato za ng'ombe. Kisha mwambie aandike siku, mahali na alichokiona, bila kuongeza cha kupendeza wala kupunguza cha kuhuzunisha. Kama mafunjo yamechomwa, aandike yamechomwa. Mtafiti wa Urusi au Sweden anaweza kuhesabu viota vyake miaka hamsini na asijue kwa nini mwaka huu havina ndege, kwa kuwa jibu liko Dunga na halijaandikwa. Barua ya Natal ilikuwa ya mtu mmoja. Sisi tunaozunguka ziwa hili ni mamilioni, na nusu yetu ya safari hakuna mwingine awezaye kuisimulia.